Mfarisayo Naye Alishukuru

Jioni tunapopiga magoti nyumbani mwetu twasema: Asante, ee Mungu, kwa chakula, kwa watoto, kwa afya. Ni vema. Mtu asiyejua kushukuru ni kama mtungi uliotoboka: utie maji mchana kutwa, haujai. Lakini leo tujiulize neno moja gumu kidogo: je, kila shukrani yampendeza Mungu?

Tufungue Evanjili ya Mtakatifu Luka, sura ya 18. Watu wawili walipanda hekaluni kusali. Mfarisayo hakuomba kitu, alishukuru tu. Mtoza ushuru hakuthubutu hata kuinua macho, aliomba huruma. Yezu asema ni huyu wa pili aliyerudi kwake mwenye haki. Ajabu! Aliyeshukuru hakukubaliwa. Kwa nini? Kwa sababu alishukuru kuwa yeye si kama wengine. Midomo ilimtaja Mungu, moyo ulijisifu wenyewe.

Nasi hatuko mbali naye. Tuwatazame wavuvi wa ziwa Tanganyika, huko Kalemie, Moba au Uvira. Usiku wa giza wanatoka na taa, maana ndagala hufuata mwanga. Alfajiri mmoja anarudi na mtumbwi uliojaa. Jirani yake anarudi mikono mitupu, nyavu zimepasuka. Wa kwanza asema: Mungu ananipenda! Kweli, anampenda. Lakini yule jirani, je, anachukiwa? Yezu ametufundisha kwamba Baba yetu huwapa jua na mvua wema na wabaya pia. Basi samaki si cheti cha utakatifu wetu. Tukiwahesabu kuwa mshahara wa wema wetu, siku ziwa litakapotunyima tutanung'unika kana kwamba tumedhulumiwa. Na mwenzetu maskini tutamdhania dhambi iliyofichika. Shukrani yenye kiburi huzaa hukumu.

Shukrani nyenyekevu twaijuaje? Kwanza, hukumbuka kwamba yote tumepewa, hata imani. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba, Stefano Kaoze alipewa upadri, Mkongo wa kwanza katika nyakati hizi. Twalijua jina lake. Lakini makatekista wangapi walitembea kwa miguu kijiji hata kijiji, wakiwafundisha babu zetu sala, na majina yao yamesahauliwa? Twala matunda ya mti tusioupanda.

Pili, humrudia Mpaji. Wakoma kumi waliponywa. Mmoja tu alirudi kwa Yezu, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Wale tisa walipata afya, wakaenda zao. Huyu mmoja alipata afya, akampata na Bwana wake.

Tatu, hupita mlangoni mwa jirani. Mvuvi anayempelekea mwenzake bakuli la ndagala, kisha akaketi naye kushona nyavu, huyo ameshukuru kweli. Na mwenzake asione haya kupokea, maana kupokea nako kwataka unyenyekevu.

Labda mtu atasema: Na aliyefiwa, au aliyekimbizwa na vita akaacha nyumba na shamba, ashukuru nini? Tusimlazimishe kusema asante kwa mabaya aliyotendewa. Dhuluma si zawadi ya Mungu. Tulie naye kwanza. Lakini tukumbuke: usiku ule aliosalitiwa, Yezu alitwaa mkate, akashukuru. Hakushukuru kwa ajili ya usaliti. Alimshukuru Baba, ambaye mapendo yake hayashindwi na usaliti. Ndiyo maana Misa yetu yaitwa Ekaristi, neno la Kigiriki, maana yake shukrani. Hapo mwenye mtumbwi uliojaa na mwenye nyavu zilizopasuka hupiga magoti pamoja, nao hupokea Mkate ule ule mmoja.

Basi, ndugu, jioni ya leo tukisha kumshukuru Mungu kwa tulivyo navyo, tuongeze swali moja: Bwana, katika hivi ulivyonipa, ni kipi ulichonipa kwa ajili ya jirani yangu? Na kesho asubuhi tumpelekee.