Mshipa Hausomi Nia

Ustadhi anapoulizwa kuhusu sindano za kujaza midomo na mashavu, mara nyingi hujibu kwa neno moja, haramu, kisha akaendelea na darsa lake. Muulizaji naye huondoka na jibu lake: mwili ni wangu, pesa ni yangu, nani nimemdhulumu? Majibu yote mawili ni mafupi mno. Kuna swali jingine linalotuhusu zaidi: anayeshika sindano ana dhamana gani mbele ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na je, ridhaa ya anayechomwa inamwondolea dhamana hiyo?

Huenda msomaji wa Ujiji akasema haya ni mambo ya Dar es Salaam, Nairobi na Dubai. Lakini picha ya uso uliojazwa Dubai inaonekana kwenye simu Mwanga na Kibirizi dakika ile ile. Tena tusisahau somo la mkorogo. Haukuja kwetu na daktari. Ulikuja ndani ya kopo, ukauzwa kama mafuta mengine yoyote, na waliopaka hawakuambiwa kuwa zebaki huharibu figo. Marufuku ya serikali ipo kwa miaka mingi, na mkorogo bado unapakwa. Sindano nayo ikija kwa njia hiyo, itakuta mlango uko wazi.

Tuangalie kwanza kinachofanyika. Kinachochomwa zaidi siku hizi ni ute uitwao asidi ya hayaluroniki, ambao wa kwanza uliidhinishwa Marekani Desemba 2003. Unawekwa chini ya ngozi ili kuinua shavu, kunenepesha mdomo au kuficha mkunjo.

Sasa, chini ya ngozi hiyo unapita mshipa uitwao ateri ya uso. Weka kidole kwenye ukingo wa chini wa taya, mbele kidogo ya msuli unaovimba unapouma meno, utausikia ukipiga. Kutoka hapo unapanda kwa kujipindapinda hadi kwenye pembe ya mdomo, unatoa matawi ya midomo, unapita ubavuni mwa pua na kufika kona ya ndani ya jicho. Hapo unakutana na matawi ya mshipa unaolisha jicho lenyewe. Njia yake si moja kwa watu wote. Hata uso mmoja, kulia na kushoto hutofautiana.

Hapo ndipo ilipo hatari. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya mshipa na ute ukasukumwa kwa nguvu, unaweza kwenda kinyume cha mkondo wa damu mpaka kwenye mshipa wa jicho, kisha damu ikausukuma mbele na kuziba njia ya damu ya retina. Mtu alikwenda kuondoa mkunjo, akarudi haoni. Wengine ngozi ya pua au ya mdomo imekufa, wengine wamepata kiharusi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2015. Ni tukio la nadra, lakini likitokea, retina haivumilii kukosa damu kwa zaidi ya saa moja na nusu hivi. Treni yetu ya Kigoma hutumia zaidi ya siku nzima kufika Dar es Salaam.

Mjuzi wa kazi hii huweka mezani dawa ya kuyeyusha ute huo kabla hajagusa sindano, na anazijua dalili za mwanzo: ngozi kugeuka nyeupe ghafla, maumivu makali, macho kuingia giza. Asiye mjuzi hana dawa hiyo, na pengine hajui kuwa ipo. Na akiwa amechoma silikoni, hakuna dawa ya kuiyeyusha.

Turudi kwenye sheria yetu. Qur'an (4:119) inataja ahadi ya Shetani kuwa atawaamrisha watu wabadili maumbile ya Allah. Katika Bukhari na Muslim, Ibn Mas'ud (R.A.) amepokea laana juu ya wanaochanja ngozi na wanaochonga meno kwa ajili ya uzuri. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo alimwamrisha Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, aweke pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kumletea harufu mbaya. Kwa kufuata njia hiyo, Baraza la Kimataifa la Fiq'hi, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, liliruhusu upasuaji wa kuondoa aibu ya mwili na kurejesha umbile, likakataza ule wa kubadili umbile lililo sawa kwa kufuata matamanio.

Mfano upo kwetu. Miaka ya 2000, stavudini ilikuwa miongoni mwa dawa za mwanzo za kufubaza virusi vya Ukimwi hapa nchini. Iliokoa maisha ya wengi, lakini ilikausha mafuta ya mashavu, na uso ukatangaza siri ya mwenyewe mtaani na msikitini. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe. Mtu kama huyo akijazwa mashavu, nani atamwambia anabadili maumbile? Yeye anarejesha alichonyang'anywa. Sindano ni ile ile, nia ni tofauti, na hukumu ni tofauti.

Lakini mshipa hausomi nia. Ukitobolewa na asiyejua, unaziba kwa aliyekuja kwa dharura kama kwa aliyekuja kwa fahari. Ndiyo maana neno haramu peke yake halitoshi, wala neno halali halitoshi. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Abu Dawud, amembebesha dhamana kila anayetibu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba. Hakuuliza kama alikusudia mema.

Je, ridhaa? Ibnul-Qayyim alitofautisha kati ya mgonjwa aliyejua kuwa anayemtibu hana elimu, akakubali, na yule aliyedhani yuko mbele ya mjuzi. Wa kwanza hana fidia ya kudai. Basi tujiulize: binti aliyeona koti jeupe, glovu na cheti ukutani, yuko kundi gani? Ridhaa ya asiyeambiwa hatari si ridhaa, ni kudanganywa. Na hata anayejua yote, fidia ya dunia ikianguka, amana ya mwili haianguki. Jicho si mali yake ya kuchezea kamari.

Kwa hiyo, badala ya kuwafokea dada zetu tu, tuwafundishe kuuliza: Aliyeshika sindano amesomea wapi, na amesajiliwa na nani? Ndani ya bomba kuna nini? Mambo yakiharibika, dawa iko mezani? Akikosa jibu moja, aondoke. Na sisi wanaume, tunaosifia weupe na midomo ya kwenye simu kisha tukalaani sindano, tujue kuwa sehemu ya bei ya sindano hiyo imelipwa na ndimi zetu.

Wallahu a'alam.