Haki ya Kunyamaza

Wachina wana kisa cha Bo Ya, mpigaji wa ala ya nyuzi iitwayo guqin. Rafiki yake Zhong Ziqi ndiye pekee aliyemwelewa: Bo Ya akiwaza milima, Ziqi aliisikia milima, akiwaza maji yatiririkayo, aliyasikia maji. Ziqi alipofariki, Bo Ya aliivunja ala yake na hakupiga tena. Hadi leo Kichina humwita rafiki wa namna hiyo zhiyin, yaani ajuaye sauti.

Nilikisoma kisa hiki miezi minne baada ya kumzika mama, na nilimwelewa Bo Ya mara moja. Mama hakuvuka darasa la saba, lakini kila nilichoandika nilimsomea kwanza kwa simu. Akikaa kimya, nilijua aya imekufa. Tangu aondoke sikuandika kitu, hata tasnifu ya uzamili. Nilijiambia huko ndiko kumheshimu.

Ila guqin yenyewe ilinibishia. Ina nyuzi saba, zamani za hariri, na sauti yake ni ndogo, haijai ukumbini. Wasomi wa China waliihesabu miongoni mwa sanaa nne za msomi, pamoja na mchezo wa weiqi, mwandiko na uchoraji, na wengi waliipiga faraghani ili kuilea nafsi. Basi msikilizaji wa kwanza ni mpigaji mwenyewe. Bo Ya alimnyima hata huyo.

Tena masimulizi ya baadaye humfanya Ziqi mkata kuni. Aliyeielewa ala ya wasomi hakuwa msomi, na Bo Ya alimpata kwa sababu alikuwa anapiga. Anayenyamaza ameshaamua kwamba hakuna mwingine atakayeelewa. Anamheshimu marehemu kwa kuwadharau walio hai.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kikibeba santuri iliyopakwa dhahabu. Humo mna Liu Shui, yaani maji yatiririkayo, muziki unaonasibishwa na Bo Ya, ukipigwa na Guan Pinghu, aliyefariki 1967. Mpigaji hayupo, msikilizaji hajulikani, na muziki bado uko safarini.

Sisemi Bo Ya alikosea kulia. Nasema alikosea kudhani kilio na ukimya ni kitu kimoja. Insha hii sikumsomea mtu. Nilipofika aya ya pili niliisoma kwa sauti, nikausubiri ukimya wa mama, kisha nikafuta sentensi moja na kuendelea.