Haki na Upanga

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, suala lililo mbele ya msomaji ni hili: watu wakisimamisha haki mahali penye dhulma, je, yawajuzia kuilinda kwa upanga usio na mpaka?

Kisa chake ni cha Wasomali. Dola yao ilipovunjika mwaka 1991, mji wa Mogadishu ulishikwa na wababe wa vita, na njia zikajaa vizuizi vya kutoza watu mali. Ndipo wazee wa koo, mashekhe na matajiri wakaweka mahakama za sheria mtaa kwa mtaa, kila moja na askari wake. Juni 2006 mahakama hizo, zilizokwisha kuungana, ziliwafukuza wababe wale. Vizuizi vikaondoka, bandari na uwanja wa ndege vikafunguliwa. Raia wengi walifurahi, na walikuwa na haki kufurahi.

Lakini ndani ya umoja ule mlikuwamo vijana, Al-Shabaab, waliopenda vita kuliko hukumu. Majeshi ya Uhabeshi yakaingia, na kabla mwaka haujaisha utawala wa mahakama ulianguka. Shekhe Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wao, alikubali suluhu, akawa Rais Januari 2009. Vijana wakampiga vita yeye pia. Mwaka 2011 njaa ilipoua watu, wao walizuia mashirika mengi ya msaada. Agosti mwaka huo waliondoka Mogadishu, na 2012 wakaipoteza Kismayo. Hata hivyo hawakuacha kuua: Garissa, Aprili 2015, walikufa watu 148, wengi wao wanafunzi.

Mtu akisema, "Lau si upanga, wababe wasingalitoka," hujibiwa: ni kweli, lakini raia walichokishukuru ni kupita njiani kwa amani. Hakimu naye yu chini ya hukumu; mwenye upanga asiyehukumiwa na yeyote ni mbabe mwingine, ajapovaa kilemba.

Watu wa Mpanda hawana haja ya kusafiri mbali kuyajua haya. Wamekaa jirani na waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakalima Katumba na Mishamo. Aliyechomewa nyumba hafarijiwi kwa kuambiwa nia ya mchomaji.

Basi anayeitwa kwenye vita vya haki na aulize kwanza: nikidhulumu mimi, nani atanihukumu? Akikosa jawabu, na arudi nyumbani kwake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.