Redio Ikikwaruza, Usikimbilie Waya

Wajukuu zangu wa Lisekese, kila msimu wa korosho unapokaribia naziona nyaya zikiparamia miembe. Minada ikianza kila mtu anataka bei, na redio ikikwaruza kidogo tu, dawa ni ileile: ongeza waya. Usipotosha, ongeza mwingine. Siwacheki sana. Baba zenu walifanya hivyohivyo enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, na nyaya zao wakaishia kuzianikia nguo.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: kila masafa yana antena yake. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na robo yake, yaani sentimita 75, inatosha kulidaka. Eriali ya redio yako ukiivuta yote inafika huko au karibu na huko. Ukiifungia mita 20 za waya unaongeza maji kwenye mchuzi: kelele za chaja, za taa na za pikipiki zinaingia zote, na stesheni yenyewe uliyoitaka inazama.

Masafa mafupi ndiyo yanayopenda waya mrefu, uliofungwa nje, juu, mbali na nyumba. Waliofunga hivyo ili wasikilize Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, walijua wanachofanya. Sisi tumerithi dawa bila kuuliza ugonjwa. Na masafa ya kati je? Antena yake imo ndani, kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba. Hicho chuma cha nje kivute mpaka kikatike, hutapata kitu. Geuza redio nzima, polepole, mpaka sauti itulie.

Halafu kuna mlima. FM hupenda njia iliyo wazi, na milima ya mawe ya Masasi haitasogea eti kwa sababu bei imetangazwa. Ndugu zetu wa Newala wanadaka stesheni za mbali kwa kuwa wamekaa kwenye uwanda wa juu, wala eriali zao hazizidi zetu hata shubiri. Aliye nyuma ya mlima apandishe antena juu ya paa, au kwanza asogeze redio hatua mbili kuelekea dirishani, bure kabisa, kabla hajaenda dukani kumtajirisha muuza waya.

Nanyi mnaosikilizia simu, waya wa eafoni ndio antena yenyewe. Mnauviringa, mnautia mfukoni, kisha mnalaumu mtandao. Uacheni uning'inie.

Najua mtafunga tena. Binadamu ndivyo tulivyo, kirefu hutupendeza macho. Basi mkifunga, kaeni mbali na nyaya za umeme, na mvua za Desemba zikianza, chomoeni waya na kuutoa nje ya nyumba kabla wingu halijafika. Radi haiulizi kama ulikuwa unatafuta bei ya korosho. Na matangazo ya vifo yana wasikilizaji wa kutosha. Hayahitaji jina lako.