Mwenyewe Kaiona?

Yako mazungumzo yasiyoanza kwa neno bali kwa mkono: mtu hutia mkono mfukoni, akatoa bahasha au simu, akaiweka mbele ya wenziwe na kungoja. Ndivyo yanavyoanza mazungumzo yetu. Sisi ni watu saba, hatuna chama wala katiba, wala hapana miongoni mwetu anayepata riziki yake kwa kamera. Yumo fundi cherahani, yumo mwalimu wa skuli, wamo wastaafu wawili, na mimi ambaye kazi yangu ni ya makaratasi. Kila mwisho wa mwezi, baada ya sala ya alasiri, hukutana barazani kwa mmoja wetu, hapa Mji Mkongwe, kila mtu na picha moja tu: ile aliyoipenda kupita zote alizozipiga mwezi ule. Kahawa hupita, kashata hupita, na picha hupita mkono kwa mkono.

Sharti hilo la picha moja ni gumu kuliko linavyosikika. Zamani filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na mtu alihesabu kila mara alipobonyeza. Leo simu humezeshwa mia tatu kwa asubuhi moja na isishibe. Mwenye mia tatu anapolazimika kuchagua moja, hujifichua. Sisi twajuana kwa picha kuliko kwa maneno. Fundi cherahani hupenda milango na dari, mahala pasipo mtu. Mmoja wa wastaafu hupenda vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, picha ambayo kila mwenye kamera aliyepita Unguja anayo. Naye hutuletea ile ile mwaka baada ya mwaka, wala hajachoka, wala hapana aliyethubutu kumwambia.

Mwezi mmoja nilipeleka picha ya mkulima wa mwani. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa kilimo hicho, lakini kwa ajili ya wengine nitasema kwamba kilianza kwetu kibiashara mwaka 1989, katika pwani ya mashariki ya Unguja, na kwamba wakulima wake wengi ni wanawake. Maji ya bamvua yanapotoka na kuacha mchanga mtupu hadi karibu na mwamba, wao huteremka na vijiti na kamba, wakafunga mbegu, wakavuna iliyokomaa, wakarejea na mzigo kabla bahari haijarudi. Nilikuwa Jambiani siku hiyo, chini ya mvinje, na lenzi ndefu. Bibi wa makamo alikuwa akipanda kutoka majini na gunia kichwani, maji yanachuruzika usoni, kanga imemganda mwilini na ncha yake moja imeachia. Mdomo ulikuwa wazi kwa pumzi. Jua la alasiri lilimpiga ubavuni, na kila tone lililodondoka kutoka kwenye gunia liling'ara peke yake. Nilibonyeza mara moja. Nikajua pale pale kwamba nimepata kitu ambacho sijapata kukipata.

Barazani picha ilisifiwa kama sikuwahi kusifiwa. Mmoja aliona ndani yake heshima ya kazi, mwengine akaona umri, mwengine akasema maji yale ni kama lulu. Ilipofika kwa mwalimu, naye ni mwanamke pekee kati yetu, aliishika kwa muda mrefu, kisha akaniuliza bila ya kuinua macho: “Mwenyewe kaiona?”

Nilisema hajaiona. Mwalimu akaipitisha kwa mwenziwe, na mazungumzo yakaendelea.

Usiku ule nilijitetea mbele ya nafsi yangu kwa hoja ambayo kila mpiga picha anayo tayari: picha ni ya kweli. Sikuongeza wala sikupunguza. Sikumvisha asichokivaa, sikumtwisha asichokitwaa, sikumpa uchovu asiokuwa nao. Alipita njia iliyo wazi, mchana, mbele ya macho ya watu, na ninachokionyesha ni kile ambacho yeyote aliyekuwapo angekiona. Ati kosa li wapi?

Hoja hii ingetosha lau kosa pekee linaloweza kufanywa kwa sura ya mtu ni uongo. Lakini sisi tuliolelewa visiwani humu tumefundishwa tangu chuoni jina la kosa jingine, ambalo sharti lake la kwanza ni ukweli. Ghiba si kumsingizia mtu. Kumsingizia kuna jina lake. Ghiba ni kumtaja asiyekuwapo kwa jambo ambalo analo kweli, na ambalo lau angelisikia angelichukia. Yaani ule ukweli ambao mimi niliutanguliza kuwa ngao ndio unaolifanya kosa liwe kosa. Na Imamu Ghazali, katika Ihya, haifungi ghiba kwenye ulimi peke yake. Anaitia ishara ya mkono, anaitia kuiga mwendo wa mtu, anayatia hata maandishi. Hakuijua kamera, kwa kuwa alifariki mwaka 1111, lakini mlango aliouacha ni mpana wa kutosha kamera kupita.

Najua nitajibiwa kwamba sisi hatukumsema bibi yule kwa ubaya, tulimsifu. Ni kweli. Ila tulisifu nini? Tulisifu pumzi iliyomkatika na kanga iliyomganda. Kama tungekaa barazani na kuyasema hayo kwa midomo yetu, kwamba bibi fulani wa Jambiani alionekana anahema, nguo imemkamata, mdomo uko wazi, nadhani mmoja wetu angejikohoza na kubadili maneno. Kwa kuwa yalisemwa na mwangaza, tulinywa kahawa na kuyaita uzuri.

Kuna hoja ya pili, nayo ni ya wanazuoni. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera wakati wengi wakiihesabu kuwa ni kuumba sanamu. Alisema mpiga picha haumbi kitu. Anachokifanya ni kukizuia kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Hoja hii imewapa nafuu waliotaka nafuu, nami ni mmoja wao. Lakini niitazamapo sasa naona kwamba inafungua deni upande wa pili. Ikiwa nimeumba, basi nilichokiumba ni changu. Ikiwa nimezuia kivuli tu, kivuli kina mwenyewe.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito huu, kwa sababu mwenye kivuli ndiye aliyekileta kwa miguu yake. Wazee wetu walikwenda studio. Katika mji huu Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na baadaye mwanawe, Rohit, akaiendeleza. Mtu aliyekwenda studio alioga, akavaa kilicho bora, akasimama mbele ya pazia, akachagua uso wa kuuacha duniani. Akalipa. Picha ilikuwa yake, na mpiga picha alikuwa mtumishi wake. Sisi wapenzi tunajigamba kwamba hatuchukui hata senti kwa mtu, na tunadhani kutochukua senti ndiko kunakotutakasa. Naona mambo ni kinyume. Anayelipa ana kauli. Huweza kusema rudia, jicho limefumba. Asiyelipa, na hata hajui kwamba amepigwa, hana kauli yoyote, na wema wetu wa kupiga bure ndio uliomnyang'anya.

Kabla ya studio kuzoeleka palikuwa na namna nyingine, na hiyo inafanana zaidi na yetu. Wapiga picha wa Unguja wa mwisho wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa iliyofuata, kama A. C. Gomes na mwanawe, waliuza postikadi kwa wageni. Humo mna wachukuzi, wauza maji, wanawake waliosukwa, na chini yao pameandikwa kabila au kazi, nadra sana jina. Hapa lazima nikiri jambo linaloiharibu hoja yangu. Mimi nazipenda picha zile. Nimekaa nazo saa nzima, nikitazama namna kanga ilivyofungwa, namna kofia ilivyokaa. Lau kila mmoja wa watu wale angeulizwa na kukataa, leo tusingekuwa na nyuso zao. Tungekuwa na masultani na matajiri tu, wale waliokuwa na fedha ya kwenda kujionyesha wapendavyo. Haki ingetimizwa na wanyonge wangetoweka. Sijui la kufanya na jambo hili. Nimeliacha hapa kama lilivyo.

Pia kuna picha ambazo kumwuliza mwenyewe si jambo la kwanza. Ghazali huyo huyo anazitaja hali ambazo kumtaja mtu kwa analolichukia kunaruhusiwa: aliyedhulumiwa anaposhtaki, au anayetafuta msaada wa kuondosha uovu. Hapo ndipo ningemweka Dorothea Lange, ambaye mwaka 1936, akifanya kazi ya serikali ya Marekani, alimpiga picha mama mmoja na watoto wake katika kambi ya wachuma njegere waliokuwa na njaa, Nipomo, California. Hakumwuliza jina. Picha ilipotoka gazetini chakula kilipelekwa kambini. Mama mwenyewe alikwisha kuondoka. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana mwaka 1978, na alichokisema alipopatikana ni kwamba alitamani picha ile isingepigwa, na kwamba haikumpa chochote. Hata hivyo chakula kilifika. Mwandishi wa habari anayo mashtaka ya kuyapeleka kwa niaba ya mtu, na mashtaka hayo humbebea sehemu ya mzigo wake. Lakini mimi nilikuwa na mashtaka gani? Sikuipeleka picha kwa yeyote ili bei ya mwani ipande. Niliipeleka barazani kwa sababu naipenda. Ajabu ya jambo hili ni kwamba mpenzi, ambaye humdhania mpiga picha wa gazeti kuwa ndiye mwenye roho ngumu, ana udhuru mdogo kuliko yule.

Baada ya miezi miwili niliichapisha picha kwenye karatasi nzuri, nikaenda Jambiani. Haikuwa tabu kumpata. Nilimwonyesha kijana mmoja dukani na kabla sijamaliza kueleza alikwisha kucheka na kunielekeza. Nilipiga hodi, nikaamkia shikamoo, nikakaribishwa mkeka. Nilimpa bahasha nikiwa na moyo wa mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu.

Aliitazama. Hakukasirika, na nadhani ningependelea akasirike. Alisema, “Ni mie huyu. Mbona hukunambia, mwanangu, nikaifunga kanga yangu?” Nilimweleza kuhusu mwangaza na matone. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia ningoje, akaingia ndani, akakaa sana. Alipotoka amevaa gauni la Idi na mtandio uliopigwa pasi, akasimama mbele ya mlango wake, mikono ubavuni, uso umekazwa kama askari wa gwaride, akasema, “Haya.” Nikampiga. Ni picha ambayo ningeipita bila ya kusimama lau ingekuwa ya mwengine. Alipoiona kwenye kamera alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike, akataka tatu: yake, ya binti yake aliye Tanga, na moja ya kuweka.

Nilimwuliza kuhusu ile ya kwanza. Alinirudishia bahasha. “Kaa nayo, umeshaipiga. Ila usiwaonyeshe watu.”

Sikumwambia kwamba watu sita wamekwisha kuiona. Nimelifikiri hilo kuliko yote mengine. Na nilipotaka kuandika makala haya nilizinduka kwamba kumweleza kwa kalamu pia ni namna ya kumwonyesha, basi nikampigia simu mjukuu wake amwulize. Jibu lililorudi ni kwamba maneno hayana uso, niandike, ila nisitaje jina. Basi silitaji.

Mwisho wa mwezi ule nilipeleka barazani ile ya gauni la Idi. Ilizunguka kimya kimya. Mmoja alisema rangi zimetulia, neno ambalo sisi husema tunapokosa la kusema. Aliyewahi kuipenda ile ya kwanza alinitazama kama mtu aliyeuza shamba. Mwalimu aliishika kama alivyoishika ile nyengine, akaniuliza sasa jina la bibi, nikamtajia, naye akalirudia taratibu na kuipitisha. Ilipomfikia fundi cherahani aliisogeza karibu na macho, akaikalia mpaka kahawa yake ikapoa. Alikuwa akiutazama mlango.