Mkono Ule Ulikuwa wa Mama



Mwezi uliopita tulikuwa bwenini tukitazama video za mchekeshaji mmoja, mwanamume aliyejifunga leso na kujitanda mtandio, akiigiza mama wa kijijini. Mgongo umepinda, mikono imejaa matope. Tulicheka mpaka machozi. Mwenzangu akasema, "Huyu ndiye mwanamke wa kawaida hasa." Hapo nikanyamaza. Mkono ule ulikuwa wa mama.

Mimi ni mtoto wa Tiira, Busia upande wa Uganda. Wanaume hushuka mashimoni kutafuta dhahabu. Mama huponda mawe yanayotolewa, huosha ule unga katika beseni, na kwa miaka mingi alichanganya zebaki kwa mkono mtupu ili inase chembe. Ada yangu imetoka humo. Nilipoulizwa muhula wa kwanza mama anafanya nini, nilijibu, "Ana biashara ya dhahabu." Si uongo, lakini Allah (S.W.) anajua nia yangu.

Filamu nazo husema zinampenda mwanamke huyu. Katika Queen of Katwe ya mwaka 2016, Lupita Nyong'o aliigiza Nakku Harriet, mama masikini wa Kampala. Niliipenda sana. Ila jiulizeni: kama binti yake Phiona asingeng'ara katika chesi, nani angempelekea mama huyo kamera?

Sasa sikilizeni hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alikuwepo mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Akafa, Maswahaba wakamzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume akaona hayupo, akamuulizia. Alipoambiwa amekufa, aliwauliza mbona hawakumjulisha, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda kumswalia. Hakuwa ameshinda mashindano yoyote. Alifagia.

Na Bi Hajar je? Mamilioni ya mahujaji, wafalme wakiwemo, huenda mara saba baina ya Safa na Marwa katika nyayo za mama aliyemtafutia mwanawe maji.

Likizo hii nimewaalika wenzangu wawili wa bwenini waje Tiira, akiwemo yule aliyesema lile neno. Nimeshawaambia kazi ya mama ni ipi. Mama mwenyewe ameuliza tu kama wanakula ugali wa wimbi.

Wabillahi tawfiq.