Kazi ya Kikundi na Haki ya Mmoja

Hapana mwalimu wa Kiswahili asiyejua kwamba lugha haisomwi na mtu aliyejifungia peke yake. Lugha ni mali ya wasemao na wasikiao, na tangu kale watoto wetu wamejifunza kwa kukaa pamoja: mmoja akitega kitendawili, wenzake wakijaribu kukitegua, na walioshindwa wakitoa mji. Kwa hiyo, tunapoambiwa kwamba wanafunzi wafundishwe katika vikundi, hatuoni jambo geni. Mageni ni mambo mawili yaliyoandamana na vikundi hivyo: chombo cha umeme kilichowekwa katikati yao, na alama moja wanayopewa wote. Yafaa basi tujiulize: je, kazi iliyofanywa na kikundi ni ya nani?

Swali hili si la mazungumzo ya barazani tu. Hapa Uganda mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza kutumika mwaka 2020, na Kiswahili kikawa miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mtaala huo unathamini miradi na kazi za pamoja. Asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na kazi zinazofanywa shuleni, na asilimia 80 hutokana na mtihani wa taifa. Ikiwa basi alama ya kikundi imetolewa bila haki, dhuluma hiyo haiishii darasani; huingia katika cheti cha kijana na kumfuata maishani.

Wako walimu wanaosema kwamba kugawana alama ni kufuata mila yetu ya ujima. Shamba hulimwa na wengi, na mavuno huliwa na wengi. Hoja hii ni nzuri, lakini ina upungufu. Kwanza, katika ujima kila mtu huja na jembe lake. Asiyekuja huulizwa sababu. Mgeni mwenyewe, siku ya tatu, hupewa jembe. Pili, mahindi na lugha si vitu vya namna moja. Mahindi yaliyolimwa na jirani humshibisha hata aliyelala nyumbani, ilhali sentensi iliyotamkwa na mwenzako haiulegezi ulimi wako wewe. Mwanafunzi aliyenyamaza kikundini kisha akapewa alama nzuri hakusaidiwa. Amenyang'anywa zamu yake ya kusema, akafunikwa kwa tarakimu asijue alichonyang'anywa. Ndiyo maana wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Chombo nacho huzidisha jambo hili. Kompyuta moja ikiwekwa mbele ya wanafunzi wanane, anayeshika vibonye ndiye anayeshika somo. Aghalabu huyo ni yule aliyekwisha kuizoea kwao, na wengine hubaki watazamaji wa mgongo wake. Tena mashine hujibu upesi mno. Kikundi kikiuliza kwa nini tunasema "kiti hiki kimevunjika" lakini "kipofu huyu amefika," jibu huweza kuonekana kiooni kabla ya yeyote kulifikiri. Nayo faida ya kikundi ilikuwa katika ubishi: mmoja ashikilie kwamba neno likianza kwa ki- lifuate upatanisho wa ki-, mwingine amkumbushe kwamba kipofu ni mtu, na wote wafikie kanuni kwa jasho lao.

Hatusemi kwamba mashine itupwe. Mwaka 1973 jirani zetu wa Tanzania waliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya." Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu kilichotayarishwa, wakajadiliana chini ya kiongozi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Tuzingatie mpango wenyewe. Sauti ya redio iliwafikia wote kwa kipimo kimoja. Hapakuwa na aliyeishikilia peke yake. Chombo kilipomaliza kusema, watu walianza kusema. Wala kazi haikupimwa kwa majibu yaliyoandikwa tu, bali kwa tendo lililoonekana kijijini.

Naye Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, alibuni mwaka 1971, katika shule za Austin, Texas, njia ya kumpa kila mwanafunzi sehemu moja tu ya somo, ili wenzake wasiweze kulikamilisha bila yeye. Huko watoto wa rangi mbalimbali walikuwa wamewekwa pamoja darasani bila kuaminiana. Njia hiyo yatufaa sisi pia. Hadithi fupi igawanywe vipande vinne. Kila mmoja asome chake, akieleze kwa maneno yake, na kikundi kiunge kisa kizima kwa masikio. Hapo mnyonge huwa wa lazima, na hodari hulazimika kusikiliza. Chombo, kama kipo, kitumiwe kunasa sauti ya kila mmoja kwa zamu, ili wajisikilize na kusahihishana.

Mtu atauliza: mwenye darasa la wanafunzi themanini atawasikia wote lini? Kwa siku moja hawezi. Lakini aweza kuwasikia wawili watatu kila kipindi, kwa kura wala si kwa kujitolea, na kuandika alama mbili: moja ya kazi ya wote, nyingine ya kauli ya kila mmoja. Alama ya kwanza hufundisha kushirikiana. Ya pili hulinda ukweli. Wala mwanafunzi hodari asiogope kwamba atapoteza kitu, maana anayemweleza mwenzake huelewa mara mbili. Yeye hudhulumiwa pale tu anapofanywa ng'ombe wa kulimia wengine wote.

Basi, walimu wenzetu, kazi ya kikundi ni ya wote pale ambapo kila mmoja aweza kuisimamia kwa kinywa chake. Tusimame kando ya kila kikundi na kuuliza, kabla ya kutazama kilichoandikwa: ni nani hajasema leo?